Ruta Chini ya Ulinzi

Jumamosi ile Fundi Geti alitoka nyumbani amepandwa na mori. Kwapani kabana mkoba wa kompyuta, mkononi kashika ruta ya intaneti iliyoviringishwa kwenye taulo, na nyuma yake mkewe, Mama Mapacha, alikuwa akijitahidi kumfikia huku akimsihi kwa sauti ya chini, maana majirani walikuwa nje na hakuna jirani asiyemjua fundi aliyemchomelea geti.

"Baba Mapacha, tukifika niachie mimi niongee."

"Wewe ukiongea utaomba radhi."

"Niombe radhi ya nini?"

"Si ndiyo hapo! Huna kosa lakini utaomba tu. Nakujua."

Alikuwa anamjua kweli. Mama Mapacha alikuwa karani wa tiketi za mabasi. Alikaa kwenye kidirisha miaka mingi akifokewa na waliochelewa na waliowahi, na wote akiwajibu kwa sauti ile ile laini, karibu, nikusaidie nini? Kisha kampuni ikafunga vidirisha vyote. Abiria sasa wanakata tiketi kwa simu na kompyuta, na wa kuwajibu maswali yao wanafanya kazi wakiwa majumbani. Makarani wa zamani walipewa nafasi kwanza, ila kwa masharti: uwe na kompyuta yako, uwe na intaneti inayoeleweka, na Jumatatu asubuhi ujaribiwe mubashara mbele ya msimamizi. Ukikatika mara mbili, nafasi anapewa mwingine.

Na nafasi ile ndiyo ilikuwa tegemeo la nyumba. Daktari wa macho alikuwa amemwambia Fundi Geti bila kumung'unya maneno kwamba akiendelea kuchomelea kama zamani, mageti yake atakuja kuyaona kwa vidole. Mapacha wako bweni, na shule ilikwisha kuuliza, kwa adabu, kama wazazi bado wana nia. Basi Fundi akauza mashine yake kubwa ya kuchomelea. Siku wanakuja kuibeba hakutoka nje. Alikaa chumbani akijifanya anatafuta soksi. Fedha hiyo ndiyo iliyonunua kompyuta ya kukunja na ruta, vyote vikiwa vimetumika na kukarabatiwa, kwa Bi Nyaya.

Duka la Bi Nyaya lilikuwa jembamba, limejaa kompyuta zilizotupwa na maofisi. Yeye huzifungua, huzipuliza vumbi, hubadilisha kilichokufa na kuziuza zikiwa na dhamana ya mwezi. Ni mwanamke mdogo wa umbo, miwani kaipandisha kwenye nywele, na siku ile alikuwa ameinamia kijibao cha nyaya akiunga kitu kwa ncha ya moto.

"Dada, umetuuzia mzoga!" Fundi Geti akasema kabla mguu wa pili haujaingia.

Bi Nyaya akainua macho. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," ikamtoka mwenyewe bila kupenda, na hasira ikapungua nusu. Ikabidi aanze upya. "Nimesema umetuuzia mzoga. Mtandao hamna. Unashika kidogo, unakata. Mke wangu jana kashinda ameikodolea macho hiyo kompyuta mpaka kichwa kinamuuma."

"Siku mnanunua si mliijaribu hapa?"

"Tuliijaribu."

"Ikawaje?"

"Ikafanya. Hapa inafanya, nyumbani haifanyi! Sasa hiyo si ndiyo hila yenyewe?"

Dukani kulikuwa na wateja. Mmoja wao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiipapasa kompyuta aliyokuwa akimnunulia binti yake. Mkono wake ukasita.

"Ulisema mwenyewe tundu la waya la kompyuta hii limekufa," Fundi akaendelea, sasa akiwahutubia wateja kuliko mwenye duka. "Sawa. Umetutajia kifo kimoja. Vingine umevificha wapi?"

"Nilikwambia tundu limekufa, na nikapunguza bei kwa ajili hiyo. Nikasema utatumia mtandao wa hewani tu. Na betri nilikwambia imechoka, uiache kwenye umeme. Nilificha nini?"

"Samahani dada, mume wangu hana nia..." Mama Mapacha akaanza.

"Mnaona?" Fundi akawaambia wateja. "Nilisema ataomba radhi."

Bi Nyaya akaiweka ncha ya moto pembeni. Akaitoa ruta kwenye taulo, akaichomeka, akaiunganisha na waya wake wa mtandao, akaifungua kompyuta. Taa za kijani zikawaka. Akatafuta video, akampata bwana mmoja anayechimba kisima, na bwana yule akachimba bila kusita, ndoo ikapanda, ndoo ikashuka, watu wote dukani wakitazama. Fundi Geti alijikuta anamwombea yule bwana agande. Hakuganda. Alichimba mpaka maji yakatoka.

"Inafanya," mteja mmoja akasema, akacheka puani.

Masikio ya Fundi yakapata moto. Mama Mapacha akaangalia sakafu.

"Nyumbani mmeiweka wapi?" Bi Nyaya akauliza. Hakuwa na kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililomkera zaidi Fundi.

"Sebuleni. Ukutani, pale waya wa mtandao unapoingilia."

"Juu au chini?"

"Juu. Usawa wa kichwa changu."

"Imezibwa na kitu? Friji, kabati?"

"Friji iko jikoni. Kabati liko chumbani."

Hakudanganya. Aliulizwa friji na kabati, akajibu friji na kabati. Wala mkewe hakuwa na la kuongeza.

Bi Nyaya akafikiri, akatoa rafuni ruta nyingine, nene kuliko ile, yenye antena nne kama masikio. "Hii ina nguvu zaidi. Nilitaka kuiuza bei ya juu. Chukueni, msiniongezee kitu. Ikikataa na hii, nipigieni."

Mtu mwingine angeshukuru. Fundi Geti aliipokea kama mtu anayerudishiwa kilichokuwa chake. "Ungetupa hii tangu mwanzo, tusingefika huku," akasema. Mlangoni alitoka pamoja na yule mwalimu, aliyekuwa ameirudisha kompyuta ya binti yake mezani na kutoka kimya kimya. Bi Nyaya alimtazama akienda, akashusha miwani yake, akaendelea kuunga.

*

Sasa ni lazima isemwe jinsi nyumba ya Fundi Geti ilivyokuwa, maana asiyeijua hawezi kuelewa watu wazima wawili walivyopofuka.

Nyumba ile ilikuwa ya chuma. Kuta ni za tofali, ndiyo, lakini madirisha yana nondo, milango ina geti la pili, mtungi wa gesi una kizimba chake, na pipa la taka limefungwa kwa mnyororo. Walipowahi kufuga kuku, kuku wale walilala nyuma ya makomeo matatu. Fundi ni mtu anayempenda mtu kwa kumwekea geti. Alipomchumbia mkewe, zawadi ya kwanza aliyopeleka kwao ilikuwa mlango wa jiko, na wakwe zake wakaona kijana huyu hana mchezo.

Kwa hiyo siku ruta ilipoletwa, shemeji yake aliposimulia kwamba jirani wa mtaa wa pili amevuliwa ruta dirishani kwa fimbo yenye kulabu, Fundi Geti hakulala vizuri. Kesho yake, kabla mtandao haujawashwa, akachukua mashine ndogo iliyobaki, akachukua bamba zito la mwisho alilokuwa amelitunza, akavaa miwani nyeusi mbili kwa mpigo ili kuyahurumia macho, akachomelea sanduku. Lilikuwa sanduku zuri, hilo mtu asimnyime. Bawaba zake zimefichwa, mishono imesuguliwa mpaka kidole hakiihisi, chini kuna matundu madogo ya hewa na moja la kupitishia nyaya, na mbele kuna kufuli. Akalikaza ukutani kwa boliti ndefu. Mkewe analeta kompyuta na kazi, yeye ameleta sanduku. Hakusema hivyo, lakini mkewe alielewa, na akalisifia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji, hiyo ruta imekosa nini mpaka umeifunga jela?" mdogo wa mkewe alimuuliza siku ile. Shemeji huyu aliishi nao, aliuza dawa katika famasi, na ulimi wake haukuwahi kupumzika.

"Wewe utani wako utaisha siku wakivua televisheni."

"Na hiyo televisheni mbona iko nje? Haina kesi?"

Wakacheka wote. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Basi Jumamosi ile waliporudi kutoka dukani, Fundi aliiweka ruta mpya ndani ya sanduku, masikio yake manne ikabidi ayalaze ili mlango ufunge, akapiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Mama Mapacha akakaa chumbani mbele ya kompyuta, kitambaa cha meza kimenyooshwa, blauzi yake ya kazini ya zamani mwilini, akaanza kufanya mazoezi na mdogo wake aliyejifanya abiria kwa simu kutoka famasi.

"Karibu, nikusaidie ni..."

Picha yake ikaganda mdomo ukiwa wazi. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Dada? Umekwenda wapi? Nakuona umeachama tu," sauti ya mdogo wake ikasema, nayo ikakatika.

Alijaribu tena. Akahamisha meza. Akakaa kitandani. Akasimama na kompyuta mikononi, waya wa umeme ukinyooka kama kamba ya mbuzi, akatembea hadi mlango wa sebule, na hapo mtandao ukashika, ukakata, ukashika, ukakata. Alipotoka chumbani uso ulikuwa umemshuka.

"Na hii pia ni mbovu," akasema.

"Mwizi yule!" Fundi akaruka. "Katoa kibovu akatupa kibovu kingine! Twende akaturudishie fedha yetu."

"Akiturudishia, Jumatatu nitatumia nini? Fedha? Nimwonyeshe msimamizi noti?"

Fundi akavuta kiti. Akakaa.

"Shule nimewaambia mwisho wa mwezi," mkewe akasema, sasa taratibu. "Nimewaambia nina kazi. Nimesema nina kazi, Baba Mapacha. Sikusema nitajaribiwa. Nilichoka kuongea na yule mhasibu kama ombaomba."

Akalia kidogo, si sana, akajipangusa kwa ncha ya kanga. Fundi alitamani kuwe na kitu cha kuchomelea ambacho kingeondoa jambo hili. Hakikuwepo. Shemeji alipofika kutoka kazini na kusikia yaliyotokea, alichukua simu yake kwa hasira na kuwaandikia wanawake wote wa kikundi chao kwamba atakayenunua kitu kwa Bi Nyaya ajue kachoma fedha zake.

Ni Mama Mapacha mwenyewe aliyempigia Bi Nyaya, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Dada, na hii imekataa. Samahani kukusumbua."

Sauti ya Bi Nyaya ikaja na uchovu: "Kesho nimefunga duka. Lakini nitapita kwenu mchana, nione mwenyewe. Haiwezekani zote mbili."

"Aje," Fundi akasema kwa nguvu ili isikike upande wa pili. "Aje aone."

*

Jumapili asubuhi Fundi Geti aliamka na wazo. Mgeni anakuja, na ni mgeni wa ugomvi. Mgeni wa ugomvi akiingia akute nyumba iko sawa sawa. Akalitazama sanduku akaona rangi yake ya kijivu imepata alama za vidole karibu na kufuli. Akatafuta kopo, akaikoroga rangi, akafungua kufuli, akaitoa ruta ikiwa inawaka ili isidondokewe na matone, akaitundika kwa nyaya zake juu ya kiti. Akaanza kupaka, pole pole, kwa brashi ndogo, huku akipiga mluzi.

Chumbani kukatoka ukelele.

"Imekubali! Baba Mapacha! Imekubali!"

Alikwenda mbio, brashi mkononi. Mkewe alikuwa ameshika mashavu. Kwenye kioo cha kompyuta shemeji alikuwa akionekana wazi, mpaka kijipele cha kidevu, akiwa jikoni na simu yake.

"Nakusikia vizuri kabisa, dada!"

"Haijakata hata mara moja!" Mama Mapacha akamkumbatia mumewe bila kujali rangi. "Jana yote ilikuwa inanitesa, leo inateleza tu. Yule mwanamke kaona aibu. Lazima kuna kitu amekirekebisha akiwa huko huko kwake. Hawa watu wana mbinu, wanaweza kuwasha na kuzima wakiwa mbali. Alijua tu kuwa anatuibia!"

"Mwizi kajishtaki mwenyewe," shemeji akasema kwenye kioo.

Fundi akacheka nao. Moyo ulikuwa mwepesi ajabu. Akarudi sebuleni, akamaliza kupaka mlango na pembe, akasubiri rangi ikaukekauke, akairudisha ruta ndani, akayalaza masikio, akafunga.

"Aa!" mkewe akasema kutoka chumbani. "Imeondoka tena!"

Mkono wa Fundi ulikuwa bado kwenye kufuli. Alisimama hivyo hivyo. Kisha akafungua mlango wa sanduku, taratibu, bila hata kuitoa ruta.

"Imerudi! Oh, inasuasua. Imerudi."

Akafunga.

"Jamani! Imekwenda!"

Akaitoa kabisa, akaishika mikononi.

"Imerudi! Safi kabisa!"

Fundi Geti akapigwa na butwaa mbele ya kazi ya mikono yake. Bamba zito la mwisho. Mishono isiyopitisha hata hewa. Mtu amenunua kitu ambacho kazi yake yote ni kutoa sauti hewani, akakifungia ndani ya chuma na kukaza kwa boliti, halafu akaenda kumtukana aliyemuuzia. Alijisikia kama amevuliwa nguo sokoni. Akamkumbuka yule bwana wa kisima. Akamkumbuka mwalimu aliyerudisha kompyuta mezani.

Na shetani hakuwa mbali. Hakuna aliyeona, akamwambia. Rangi ni mbichi, sema ruta ikae nje mpaka ikauke. Rangi ya chuma inaweza kukauka wiki nzima ukitaka. Baada ya wiki, nani atauliza? Mkeo atafanya mtihani wake, atapata kazi, Bi Nyaya ataendelea kuitwa mwizi na watu ambao hata hivyo husema kila muuza vya mtumba ni mwizi. Wewe utabaki na heshima yako. Na heshima, siku hizi, unayo kiasi gani? Mashine umeuza. Macho ndiyo hayo.

Hodi ikapigwa.

Bi Nyaya aliingia na kimkoba cha vifaa, akasalimu, akakaribishwa kwa ubaridi. Mama Mapacha, yule yule wa kuomba radhi, safari hii alikuwa amesimama wima.

"Dada, mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini jana ulitutia aibu mbele za watu, na leo unafanya mtandao urudi kimya kimya kabla hujafika. Si ungetuambia tu ukweli?"

"Nimefanya nini?" Bi Nyaya akashangaa. "Mimi nimetoka kufua."

"Usijifanye, dada," shemeji akaongeza kutoka mlango wa jikoni. "Kikundi kizima kinajua."

"Kikundi gani? Mmesema nini kuhusu mimi?" Macho ya Bi Nyaya yalianza kujaa. Alikuwa amekuja siku yake ya mapumziko, kwa miguu yake, na mkoba wake. "Yule mwalimu amekuja dukani kwangu mara ngapi kulipia ile kompyuta kidogo kidogo. Jana alikuwa anamalizia. Ameondoka mbele ya macho yangu. Kama mmeamua kuniua kibiashara mniambie nimewakosea nini."

"Ni mimi," Fundi Geti akasema.

Alisema kwa sauti ndogo hata hawakumsikia. Akapiga moyo konde, akasema tena.

"Mama Mapacha, nyamaza. Shemeji, nyamaza. Ni mimi. Mama Mapacha, nenda pale kwenye kompyuta uangalie."

Akaitia ruta kwenye sanduku, akafunga. "Ipo?"

"Haipo," mkewe akajibu kutoka chumbani.

Akafungua, akaitoa. "Sasa?"

"Ipo."

Akafunga, akafungua, akafunga. Haipo, ipo, haipo. Rangi mbichi ikamchafua viganja. Mama Mapacha akatoka chumbani pole pole, akamtazama mumewe, akalitazama sanduku. Macho yale yalimuumiza Fundi kuliko matusi.

"Ruta zako ni nzima, dada," akasema akimgeukia Bi Nyaya, lakini macho yake yakiwa kwenye viatu vyake. "Zote mbili. Mimi ndiye niliyezifungia kwenye chuma. Uliniuliza imezibwa na nini, nikakujibu friji. Nimekutukana mbele ya wateja wako. Nisamehe. Sina cha kujitetea."

Bi Nyaya alivuka sebule, akashusha miwani kutoka kwenye nywele, akasogeza uso karibu na sanduku, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hii umechomelea mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Bamba lote hili? Na mshono hauonekani hivi?" Akabisha kwa kiungo cha kidole, likalia zito kama kasiki la benki. "Fundi, ruta yangu ilikuwa inajitahidi kuongea na mkeo kutoka humu ndani? Na bado siku nyingine ilishika? Mungu wangu, kumbe niliwauzia kitu imara hivyo!"

Akaanza kucheka. Shemeji akajikaza, akashindwa, akaangua kicheko na kuinama mpaka akashika magoti. "Nilisema mimi! Nilisema imefungwa jela! Mkadhani utani!" Mwisho Mama Mapacha naye akaanza, kicheko cha chini chini kwanza, kisha kikapanda mpaka machozi yakamtoka, akajitupa kwenye kiti akipiga mapaja. Alicheka hofu yote ya wiki ile. Fundi Geti alisimama katikati yao na viganja vya kijivu, akiwa hajui acheke au atoke nje, mpaka mkewe alipomvuta kwa mkono akamketisha.

"Umenitisha, mume wangu," akasema akihema. "Nilidhani sina kazi. Kumbe nina mume tu."

Fundi naye akacheka.

Bi Nyaya alionyesha pale panapofaa: rafu ya mbao, juu ya mlango wa chumba, masikio yote manne yamesimama. Shemeji aliandika tena kwa kikundi, mara hii akifuta maneno yake ya jana, na Bi Nyaya akasimama nyuma yake akisoma kila neno kabla halijatumwa. "Ongeza kuwa nawapa dhamana," akasema. Shemeji akaongeza. Kuhusu mwalimu, Fundi alisema atakwenda mwenyewe.

Alikwenda jioni ile ile kabla ujasiri haujamwisha. Mwalimu alimfungulia geti, geti la maua ya chuma ambalo Fundi alimtengenezea zamani, na likawa halina kelele hata kidogo kwenye bawaba. Fundi akasimulia yote akiwa amesimama nje, kofia mkononi, bila kuruka hata friji.

"Kwa hiyo kompyuta zake ni nzima?" mwalimu akauliza.

"Ni nzima. Mbovu nilikuwa mimi."

Mwalimu akamtazama sana, akatikisa kichwa. "Ulikuwa na uhakika sana pale dukani, Fundi. Mimi nikasema, huyu mtu mzima hawezi kupiga kelele bure." Akafikiri kidogo. "Kesho nitapita kwake nikimaliza vipindi. Binti yangu jana hakula."

*

Jumatatu asubuhi Mama Mapacha alifunga mlango wa chumba. Fundi Geti alikaa sebuleni kwenye kiti kilichoelekea dirishani, mikono kifuani, akiitazama ruta pale juu ya rafu ikiwa uchi wa mnyama, na akimtazama kila mpita njia aliyebeba fimbo. Shemeji alichelewa kwenda kazini kwa makusudi. Hata redio walizima, wakiogopa isije ikaula mtandao.

Sauti ya mkewe ilipita mlangoni. "Karibu, nikusaidie nini?" Kimya. "Pole sana kwa usumbufu, mzee wangu. Hebu nitajie ulipokuwa unakwenda." Ilikuwa sauti ile ya kidirishani, ile ambayo Fundi, akiwa kijana wa kuchomelea, alikuwa akiipangia foleni zamani, akikata tiketi za safari ambazo hakuwa na haja nazo, ili amsikie tu. Hakuwa ameisikia tangu kampuni ifunge. Macho yakajaa, na safari hii hakuusingizia moto wa mashine.

Mlango ukafunguliwa. Mama Mapacha akasimama hapo, amevaa blauzi ya kazini juu na kanga ya nyumbani chini.

"Haya sema!" shemeji akafoka.

"Haikukata hata mara moja." Akaegemea mlango. "Msimamizi kaniuliza natumia mtandao wa wapi, mbona wengine asubuhi yote wanapotea potea. Nimemwambia wa kawaida tu, ila mume wangu anaulinda."

"Na kazi?" Fundi akauliza.

"Nianze saa nane."

"Kesho?"

"Leo. Wana abiria wamejaa, hawana mtu."

Fundi Geti akasimama, akajinyoosha mgongo kama mtu aliyetua gunia, akaingia jikoni na kutoa sufuria.

"Rudi ukapumzike," akasema. "Chakula cha mchana napika mimi."

"Shemeji," mdogo wa mkewe akasema akivaa viatu, "mfuniko wa sufuria ni wa kuweka tu juu. Usije ukauchomelea."

"Toka uende kazini wewe!" Fundi akamwambia, akawasha jiko.